Kivuli cha Luvanda Kwenye Kona ya Sita

Lori la marehemu Gaudensi Luvanda lilitumbukia korongoni asubuhi, jua likiwa limeshapanda juu ya mashamba ya nyanya ya Ilula, na mtu pekee aliyeliona likianguka ni Lusungu Kihwele. Ndiye aliyeliangusha.

Alilirudisha juu ya mlima, akalianzisha upya. Likaanza kuteremka mlima Kitonga, lori jekundu la kizamani lenye pua ndefu, turubai la mgongoni likipigwa na upepo. Kona ya kwanza ikapita salama. Ya pili salama. Kwenye ya tatu likakwaruza ukingo kidogo, kama mtu anayepita mlangoni na ndoo mbili. Kwenye ya nne tairi la nyuma likakanyaga majani. Ya tano, usukani ukakata kulia kabla barabara haijakata, na lori zima na mzigo wake likatoka barabarani bila haraka, likaenda na hewa.

Lusungu akaweka kiganja juu ya skrini, kama anayemfunika mtu uso.

Alikuwa ameshajaribu na wengine. Mzee Nyenza, akina Mgimba ndugu wawili, Bi Tekla ambaye ndiye mwanamke pekee aliyewahi kushika usukani wa lori katika mji ule. Mmoja alifika kona ya nane. Wengine wote waliishia korongoni.

Mlango ukasukumwa kwa goti. Filoteus Komba akaingia na vikombe viwili, akaviweka mbali na nyaya, kama afanyavyo siku zote.

"Kamwene, fundi!"

"Kamwene."

"Chako hakina tangawizi. Jana ulisema inakuchoma."

Lusungu alikuwa ameshabadilisha skrini. Ilionyesha barabara tupu na ukungu mzuri wa asubuhi, na nyani mmoja amekaa kwenye jiwe akijikuna.

"Loo, mpaka nyani!" Filoteus akacheka. "Sasa niambie. Madereva wetu wanashuka?"

Lusungu angeweza kusema ukweli hapo hapo. Chai ilikuwa ya moto, mlango umefungwa, na aliyeuliza hakuwa mtu wa kumdhihaki mwenzake.

"Wanashuka," akasema.

"Wote?"

"Wote, Filo. Kama maji."

"Alhamdulillahi, kama anavyosema jirani yangu!" Filoteus akapiga makofi, na furaha yake haikuwa na chembe ya wivu. "Basi Jumamosi yule Mzee wangu, ile kompyuta ya chumba cha nyuma, anapumzika. Nitamfungua taratibu, nitamfuta, vipuri vyake tuwape watu wa shule."

Akatoka akipiga mluzi. Lusungu akabaki na kikombe kisicho na tangawizi, na hakuweza kukinywa.

*

Miaka hiyo hakuna mtu aliyeendesha lori tena. Mizigo ilipita chini ya mlima, kwenye handaki, ndani ya mabehewa yasiyo na dereva wala taa. Lakini Ilula ulikuwa mji wa madereva, na madereva waliuachia mila. Dereva alipostaafu, kabla macho hayajafifia, alikwenda kwenye Jumba la Mteremko. Huko alikalia kiti chenye usukani wa kweli, klachi ya kweli na gia ya kweli, akauteremka mlima mara moja tu katika mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na vijana wa hapo hapo, zamani sana, baba zao wakiwa bado barabarani. Mteremko ule mmoja ulihifadhiwa. Dereva akifa, watu wake hawakutosheka na picha ya ukutani. Walikwenda kukaa kwenye kiti cha utingo, kando yake. Usukani ulizunguka wenyewe, vile vile alivyouzungusha. Gia iliingia vile vile alivyoiingiza. Mteremko huo uliohifadhiwa waliuita kivuli, na walikwenda kukitembelea kama watu wengine waendavyo makaburini, ila huku walikwenda wakicheka na kubeba njugu za kutafuna njiani.

Tatizo lilikuwa umri wa mchezo. Uliandikwa kwa ajili ya mfumo wa kompyuta uliokwisha kufa. Kompyuta zote za mji zilitumia Linux, na Linux haikujua lugha ya mchezo ule. Kwa hiyo katikati yao aliwekwa mkalimani, programu inayosikiliza kila neno la mchezo na kuligeuza papo hapo ili mashine ielewe. Mkalimani aliishi kwenye kompyuta moja kuukuu waliyoiita Mzee, na Filoteus ndiye aliyemtunza. Mkalimani alifanya kazi, lakini alikuwa anachoka. Picha iliganda. Sauti ilikatika. Mjane alibaki ananing'inia katikati ya kona na njugu mdomoni. Kila ilipotokea hivyo Filoteus alitoka chumba cha nyuma kuomba radhi, na watu walimwambia, "Hamna neno, baba, tunaye."

Lusungu ndiye aliyesimama mbele ya kamati akasema mkalimani ni viraka. "Nguo ya viraka inasitiri," alisema siku ile, "ila hatuendi nayo harusini." Kamati ikaangua kicheko. Filoteus naye alicheka, ingawa viraka vilikuwa vyake. Lusungu akaahidi kuuandika mchezo upya, useme lugha ya Linux wenyewe, bila mtu wa katikati.

Na aliuandika. Mlima ulikuwa mlima kweli, ukungu ulikuwa ukungu, hakuna kilichoganda. Kilichomshinda ni vivuli.

Kivuli si picha. Ni kumbukumbu ya mikono na miguu: usukani umezungushwa kiasi gani, breki imekanyagwa kiasi gani, lini. Lori limefika wapi, hilo mchezo hulikokotoa wenyewe, upya, kila mara. Sasa kompyuta za kale zilikata desimali kwa namna yao na za sasa zinakata kwa namna nyingine. Tofauti ni nyembamba kuliko unywele. Lakini unywele wa kona ya kwanza huwa shubiri kwenye kona ya tatu, na kwenye ya tano huwa korongo. Ni kama kumwongoza kipofu ndani ya nyumba yake, hatua tatu mbele, geuka kushoto, huku umeshasogeza kuta zote kidogo bila kumwambia.

Dawa yake ilikuwepo. Mchezo mpya ungefundishwa kukokotoa kama wa kale, tarakimu kwa tarakimu. Ilitaka miezi. Sherehe ya kuuzindua mchezo mpya ilikuwa keshokutwa, Jumamosi.

Mchana ule Lusungu aliandika programu ndogo, akaiita Mkono. Mkono ulijificha ndani ya kila kivuli, na lori lilipotaka kupotea ulishika usukani na kulirudisha. Ulihitaji njia ya kufuata, kwa hiyo alichukua njia za zamani kutoka kwa Mzee, akazisafisha. Zote zilikuwa na doa mahali pamoja. Juu kidogo ya kona ya sita, lori lilisimama tuli kwa pumzi kadhaa, kisha likaendelea. Dereva baada ya dereva, pale pale. Pembeni yake kulikuwa na takataka nyingine ndogo, redio kuzimwa, kioo kushushwa, na breki, kama mtu aliyeshtuka picha ilipoganda akabonyeza chochote.

Lusungu hakujiuliza mara mbili. Yeye alikulia Mafinga, kwenye misitu ya mbao, na kwao hapakuwa na dereva. Filoteus alitoka Songea. Wote wawili walijua kitu kimoja kuhusu kona ya sita, kwamba ndipo mkalimani anapoganda. "Kona ile inanifedhehesha," Filoteus alizoea kusema. Basi Lusungu akafuta kusimama, akafuta redio, akafuta kioo. Malori yakapita kona ya sita kama kisu kwenye parachichi.

Akajiambia kwamba baada ya sherehe atarudi na kuifanya kazi kwa haki. Mtu hujiambia hivyo.

*

Ijumaa asubuhi mwenyekiti wa kamati alimleta mgeni wa kwanza. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mgongolwa, mchuuzi mkubwa wa vitunguu, mtu mwema anayependa vitu ving'ae. Mgeni alikuwa Mama Skolastika, mjane wa Luvanda. Nyuma yake alikuja binti yake, Yustina, aliyefika juzi kutoka Dodoma. Yustina alimshika mama yake kiwiko kama anavyoshikwa mtu anayevuka mto.

"Shikamoo, Mama," Lusungu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe uliyemhamisha baba Yustina?"

"Ndiye mimi."

"Pole. Alikuwa mzito kuhama, huyo! Nyumba yetu tuliimaliza, tukakaa mwaka mzima kwenye ile ya nyasi. Eti kuku hawajaizoea mpya."

"Mama, na wewe," Yustina akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Mama Skolastika akapanda kiti cha utingo. Akavua khanga ya mabegani, akaikunja, akaiweka pembeni. Kisha akaweka kiganja juu ya kichwa cha gia, taratibu, kama mama anayepima homa kwenye paji la uso la mtoto.

Lori likaanza kushuka. Usukani ukazunguka. Gia ikaingia, na kiganja chake kikaenda nayo.

"Oneni wenyewe!" Mzee Mgongolwa akasema. "Haigandi! Mnateleza kama mmepakwa mafuta!"

Lusungu hakuangalia skrini. Aliangalia kiganja kile. Kwenye kona ya tano, pale lori lilipotaka kwenda na hewa, aliona gia na usukani vikitetemeka kidogo sana, Mkono ukishika. Mama Skolastika akaipapasa gia kwa kidole gumba. Alikuwa anaituliza.

Walipokaribia kona ya sita, akakaa wima. Akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikia mlango wa nje. Lori likapita.

Kiganja kikainuka juu ya gia, kikabaki hewani.

"Amepita," akasema.

"Amepita barabara!" Mwenyekiti akajibu.

"Hakusimama."

"Huo ndio uzuri wenyewe, Mama. Zamani palikuwa panaganda pale. Huyu binti amepaponya."

Mama Skolastika akaitazama gia, akamtazama binti yake. "Yusta. Si alikuwa anasimama pale?"

"Mimi sijui, Mama. Nilikuwa nakuja mara moja kwa mwaka." Kisha kwa sauti ya chini, ya huruma, "Ni kama lile la juzi la sufuria."

Mama Skolastika akageuka kutazama mbele. Mteremko ulipoisha alishukuru kila mtu kwa jina, akashuka. Alisahau khanga.

Lusungu akamfuata nayo. Walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha ukuta, mama na binti, wakimpa mgongo, na yeye akasimama kwa sababu alisikia sauti ya kilio inayozuiwa, na aliyekuwa akiizuia ni Yustina.

"Sikusemi vibaya, Mama. Ila ni sufuria iliyoungua, ni jina la mjukuu wako, sasa ni hili. Unamkumbuka Baba akifanya jambo asilolifanya."

"Ningeweza kuapa, mwanangu. Kila wiki nimekaa pale kando yake."

"Mashine imekuonyesha. Mashine haisahau."

Mama Skolastika akajinyoosha mgongo. Kisha akasema, kama mtu anayelipia kitu alichokwisha kukubaliana bei yake, "Nilikwambia sitoki nyumbani kwangu mpaka siku nitakayoanza kumsahau baba yako. Basi nimeanza. Nifungie nguo. Nitakuja Dodoma."

Akageuka, akamwona Lusungu na khanga.

"Ahsante, mwanangu. Unaona? Na khanga nayo." Akacheka kidogo ili Lusungu asione haya. Akatoa nyanya kwenye kikapu, nyekundu, kubwa, akazitia mikononi mwake. "Za shambani kwangu, za mwisho. Umemfanya dereva mzuri kuliko alivyokuwa."

Lusungu akazipokea kwa mikono miwili. Wanasema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Yeye alikuwa amevaa kila kitu, na alitamani kuchutama pale pale juani.

*

Filoteus alikuwa chumba cha nyuma, bisibisi mkononi, kifuniko cha Mzee kimelazwa juu ya meza.

"Usimfute," Lusungu akasema.

"Nilikuwa namfuta vumbi tu. Kumfuta mwenyewe ni kesho. Kuna nini?"

"Mwanzishe Luvanda. Tafadhali, Filo."

Hakuuliza kwa nini. Alirudisha kifuniko, akakaza skrubu zote, hata ile ambayo siku zote aliiacha imelegea, akawasha. Mzee akanguruma. Lori jekundu likatokea juu ya mlima, picha chakavu, rangi zimefifia. Kwenye kona ya pili likaganda. Kila kitu kiliganda, lori, mawingu, majani, mpaka ndege mmoja angani. Kisha vyote vikaendelea kwa pamoja.

"Samahani," Filoteus akasema kwa mazoea.

Kona ya tano Luvanda aliipita kwa ustadi, bila kutetemeka. Juu ya kona ya sita indiketa ikaanza kuwaka na kuzima. Lori likasogea pembeni, mahali palipopanuka. Redio ikazimwa. Kioo kikashuka. Lori likasimama.

Majani kando ya barabara yaliendelea kutikisika.

Ukungu uliendelea kupanda kutoka bondeni. Injini iliendelea kunguruma polepole, na turubai lilijaa upepo na kupumua. Ni lori tu lililosimama. Kisha kioo kikapanda, gia ikaingia, na Luvanda akashuka zake.

Filoteus alikuwa amesogea mpaka pua yake inakaribia kugusa skrini. "Majani yanatikisika," akasema.

"Ndiyo."

"Kuganda hakutikisi majani, Lusu."

"Ndiyo."

Akakaa kwenye kreti. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka machozi. "Miaka yote hii natoka humu kuwaomba radhi kwa kona ya sita! Wananiambia hamna neno, baba. Walidhani naongelea zile kona nyingine." Akajifuta kwa mkono wa shati. "Haya. Na kwenye mchezo wako anasimama?"

Lusungu akamweleza. Alimweleza yote, korongo, Mkono, usafi alioufanya. Alisema akiangalia skrubu ile iliyokazwa leo.

Filoteus hakupandisha sauti. "Nilikuuliza wanashuka," akasema. "Ukasema wanashuka. Nikafurahi."

Akaichukua bisibisi, akaiweka mbali na Mzee.

"Naweza kuweka kisimamo," Lusungu akasema haraka. "Ni mistari michache tu. Mkono usimamishe lori pale, uzime redio, ushushe kioo. Kwa wote. Mama Luvanda aje kesho aone mumewe anasimama, tumwambie ilikuwa hitilafu ndogo, abaki nyumbani kwake. Hakuna atakayeumia, Filo. Hata mmoja."

"Hata mmoja," Filoteus akakubali. Akainuka, akampisha kiti, na kumsogezea kibodi. Hakumzuia. Labda huo ndio ulikuwa ukali wake wote.

Lusungu akaandika. Mstari wa kwanza, lori lipunguze. Wa pili, indiketa. Wa tatu, redio. Mstari wa nne ulitaka kujua lori lisimame kwa muda gani.

Akaangalia Luvanda alisimama muda gani. Akaangalia Bi Tekla; wake ulikuwa mfupi, nusu ya ule. Mzee Nyenza alisimama, akaanza kuondoka, akasimama tena. Hakuna wawili waliolingana. Kila mmoja alikuwa anangoja kitu, na kila mmoja alijua kilipokwisha. Lusungu alikaa vidole juu ya kibodi, na hakuwa na cha kuandika, kwa sababu hakujua walichokuwa wakikingoja. Ili ajue, ilibidi aulize. Na ili aulize, ilibidi aseme.

Akafuta ile mistari mitatu.

*

Nyumba ya Mama Skolastika ilikuwa na ua uliofagiwa vizuri. Begi kubwa lilikuwa wazi kitandani, lilionekana kupitia mlango, na Yustina alikuwa akikunja magauni. Mwenyewe alikuwa amekaa nje akimenya maharage mabichi kwenye ungo.

"Karibu, mwanangu! Nyanya zimeisha tayari?"

"Mama," Lusungu akasema, kabla ya kukaa, kwa kuwa alijua akikaa atapewa maji, na akipewa maji hatasema. "Baba Yustina alikuwa anasimama. Pale kona ya sita. Nimemwona leo kwenye mashine ya zamani. Anaweka indiketa, anazima redio, anashusha kioo, anasimama. Hukukosea."

Vidole vya Mama Skolastika vikaacha kumenya. Ndani, sauti ya nguo zikikunjwa nayo ikakoma.

"Anazima redio," akarudia taratibu.

"Ndiyo, Mama. Alikuwa anangoja nini?"

"Anayepanda." Alisema kama jambo ambalo kila mtu analijua. "Zamani barabara ilikuwa nyembamba. Anayepanda na mzigo akisimamishwa pale, haondoki tena, ataanza kurudi nyuma. Kwa hiyo anayeshuka ndiye anayesimama, anasikiliza. Akisikia injini bondeni anampisha mwenzake. Asiposikia, anashuka."

"Lakini kwenye mchezo hakuna anayepanda."

"Hilo unalijua wewe uliyeuandika. Yeye angelijuaje bila kusikiliza?"

Yustina alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na gauni mkononi. "Sasa asubuhi mbona hakusimama?"

Lusungu alijua kuna njia ya kulisema hili kwa maneno ya kifundi, yenye desimali na mifumo, ambayo yangemfunika kama blanketi. Akayaacha.

"Kwa sababu hakuwa yeye," akasema. "Kwenye mchezo wangu mpya anaanguka. Wote wanaanguka korongoni. Niliona, nikaona haya kusema, kwa vile nilikuwa nimejisifu mbele za watu. Nikatengeneza kitu cha kumshikia usukani, nikawaambia watu wanashuka wenyewe. Na kule kusimama nilidhani ni uchafu, nikafuta."

Mama Skolastika akauweka ungo chini. "Kwa hiyo ile gia," akasema. "Nilipokuwa nimeishika. Ilipotetemeka pale kwenye kona."

"Ilikuwa mimi, Mama."

Mjane akakigeuza kiganja chake, akakitazama. Kisha akakifuta kwenye khanga, polepole, mara moja, kama mtu anayefuta unga. Hakufanya kwa hasira. Lusungu angependa zaidi kupigwa.

"Nilimwambia mama yangu mashine haisahau!" Yustina akalipuka. "Nilimwambia ameanza kuchanganyikiwa! Nimefunga nguo zake nusu siku, nalia, kwa sababu wewe uliona haya?"

"Ndiyo," Lusungu akasema.

"Yusta, punguza. Majirani."

"Na wasikie! Mama, nami nilikuambia..." Sauti ikamkatika. Akajifunika uso kwa gauni la mama yake.

"Ulisema ulichoonyeshwa. Na sufuria niliunguza kweli, usinitetee sana." Mama Skolastika akachukua ganda jingine, akalipasua. "Ila kuunguza sufuria si kumsahau mume. Karudishe nguo kabatini. Lile la maua lining'inize, linajikunja."

Yustina akaingia ndani. Wakasikia kabati likifunguliwa.

"Yule Mzee wa zamani mmeshamfuta?" Mama Skolastika akauliza bila kuinua macho.

"Bado. Filoteus anangoja nizungumze na kamati."

"Utazungumza lini?"

"Kesho. Mbele ya watu wote, kabla ya kukata utepe. Nitawaomba wamwache mkalimani aendelee mpaka kazi ifanyike kwa haki. Kama watanipa tena kazi."

"Mgongolwa hatakupa. Ameshawaalika hadi watu wa redio." Alisema bila chuki, kama anayeeleza hali ya hewa. "Watakucheka. Wengine watakutukana."

"Najua."

"Nitakaa mbele."

Lusungu akainua kichwa, akataka kushukuru, lakini Mama Skolastika akatikisa kichwa. "Si kwa ajili yako. Kuna akina Nyenza, wakali wale, wataanza kelele kabla hujafika nusu. Nataka wasikie mpaka mwisho. Nao wamemshika baba yao, au wataenda kumshika kesho, na hawajui wanayemshika ni nani."

Akagawa maharage yaliyobaki, akasukuma fungu moja upande wa pili wa ungo. "Kaa. Menya haya. Hakuna anayetoka hapa na njaa."

Lusungu akakaa kwenye kigoda. Ganda la kwanza lilimponyoka. Jua la jioni lilikuwa limeshuka sawa na uso wake, likimchoma machoni, na hakuthubutu kuinua mkono kujikinga.

Mama Skolastika aliliona hilo. Alisogeza kiti chake kidogo, kikaburuza mchangani, mpaka mgongo wake ukaziba jua. Lusungu akainama zaidi juu ya ungo, akaendelea kumenya.